Vidirisha vya kuulizia kwenye ukurasa wa kilo za ufuta
Mama yangu mdogo ni karani wa mizani katika chama cha msingi huku Nachingwea, na msimu wa ufuta hana nafasi hata ya kupumua. Aliniomba ukurasa mdogo wa kujumlisha kilo za kila mkulima kabla mzigo haujaenda ghalani kusubiri mnada, na usihitaji intaneti. Nikautengeneza kwa HTML na JavaScript, faili moja tu.

JavaScript inakuja na vidirisha vitatu: alert hutoa taarifa, confirm huuliza ndiyo au hapana, prompt hupokea maandishi. Kilo niliziulizia kwa prompt, maana ni mstari mmoja na kazi imekwisha. Ila hapo ndipo pa kuwa macho. Kinachorudi ni maandishi hata kama karani ameandika tarakimu: jumlisha 50 na 20, unapata 5020. (Mkulima hatalalamika, huyo.) Basi kila jibu nikalipitisha kwenye Number, inayogeuza maandishi kuwa namba. Lakini karani akibonyeza Cancel hurudi null (yaani hakuna kitu), akibonyeza OK bila kuandika hurudi maandishi matupu, na vyote viwili Number huvigeuza 0 kimyakimya. Kwa hiyo vikague kabla ya kugeuza, si baada.

Alert nimeiondoa. Mtu akiizoea, kidole hubonyeza OK kabla macho hayajasoma, na ikiwa wazi ukurasa mzima husimama. Kwa taarifa kama "Imehifadhiwa" mstari wa kijani chini ya jedwali unatosha.

Confirm niliibakiza kwanza kwenye kufuta, tena swali likitaja kitu chenyewe: "Ufute kilo 62 za mkulima namba 14?" Kumuuliza mtu "Una uhakika?" hakumwambii chochote. Siku moja mama mdogo akaniuliza, "Baba, hii Cancel nikiibonyeza inafuta au inaacha kufuta?" Swali la haki kabisa. Vitufe vya confirm ni vya kivinjari, huwezi kuviandika upya.

Nikahamia kwenye elementi ya dialog, kidirisha cha HTML unachokijenga mwenyewe, ambayo vivinjari vikuu vyote vinaielewa tangu 2022. Unaifungua kwa showModal. Ukurasa wa nyuma haubonyezeki, na Esc huifunga bila wewe kuandika kodi yoyote. Ndani nikaweka fomu ambayo method yake ni dialog, na vitufe viwili vya Kiswahili: "Futa" na "Acha". Autofocus, inayochagua kitufe mapema kidirisha kikifunguka, iko kwenye "Acha", ili anayegonga Enter kwa haraka asipoteze mzigo wa mtu. Tofauti na confirm, kodi haisimami kusubiri jibu, kwa hiyo amri ya kufuta niliiandika ndani ya tukio la close (hutokea kidirisha kikifungwa), ndipo inaposoma returnValue kujua kitufe kipi kimebonyezwa. Na kabla ya kila showModal ninairudisha returnValue iwe tupu, kwa sababu anayefunga kwa Esc huliacha jibu la mara iliyopita palepale, na jibu hilo laweza kuwa "Futa".