Asubuhi ya kupanda Anzac Hill, Alice Springs

Mfanyakazi mwenzangu aliniambia, mbele ya watu, kwamba siku ya Anzac, tarehe 25 Aprili ya kuwakumbuka askari wa Australia na New Zealand waliokufa vitani, haituhusu sisi wahamiaji tuliokuja juzi. Sikumjibu, kwa kuwa katikati ya zamu ya usiku, wazee tunaowahudumia wamelala, si mahali pa kubishana. Lakini maneno yale yalinichoma, na asubuhi nilipotoka kazini nilipitiliza moja kwa moja hadi Anzac Hill.

Kilima hicho kimeinuka kando ya katikati ya mji wa Alice Springs, katikati kabisa ya Australia, na hakuna kiingilio wala mtu wa kukuuliza umefuata nini. Gari hufika hadi kileleni, ila mimi nilipanda kwa njia ya miguu. Juu kuna mnara mweupe uliozinduliwa tarehe 25 Aprili 1934 kwa ajili ya waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao baadaye ulifanywa kuwa ukumbusho wa vita vyote walivyopigana Waaustralia. Tarehe hiyo ndiyo ile ya mwaka 1915, askari wa Australia na New Zealand waliposhushwa Gallipoli, Uturuki. Ukitazama kusini unauona mji mzima hadi milima ya MacDonnell, pale penye mwanya wa Heavitree unaopitisha kwa pamoja barabara kuu, reli na mto Todd, ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu na miti imeota ndani ya mkondo wenyewe.

Chini ya mnara palikuwa na shada dogo lililonyauka, na kikaratasi chenye mwandiko wa mtoto, herufi kubwa za kalamu ya rangi, kimekandamizwa kwa jiwe ili upepo usikichukue. Nilikitazama kwa muda mrefu, nikamkumbuka askari wa shaba wa pale Posta, Dar es Salaam, aliyesimamishwa mwaka 1927, ambaye tunampita kila siku tukikimbilia daladala. Sanamu ile inawakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza kwa jumla, haina jina la mtu hata mmoja, ilhali wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kuzidi 90,000, wengi wao kwa njaa na kuhara damu, na wengi majina yao hayajulikani. Katika Vita Kuu ya Pili, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo) walipelekwa Burma (Myanmar ya leo), wakapigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944 dhidi ya Wajapani wale wale walioushambulia Darwin kwa mabomu mwaka 1942. Anayeniambia kwamba kumbukumbu hii hainihusu hajui ukoo wangu ulipoteza nini.

Na hata hapa wapo walionyimwa haki ya kuhusishwa na kumbukumbu hii kwa muda mrefu kuliko mimi. Waarrernte, wenye nchi hii, wanakiita kilima hiki Untyeyetwelye. Tangu mwaka 1928 hadi 1964 mji huu ulikuwa marufuku kwa wenyeji wa asili kuingia bila ruhusa, kwa hiyo mnara ulipozinduliwa, wenye kilima hawakuwa huru kukanyaga mitaa iliyo chini yake, ingawa vijana wa wenyeji wa asili walikuwa miongoni mwa waliokwenda kupigana ng'ambo. Leo bendera yao inapepea kileleni pamoja na ile ya taifa, na nilifurahi kwa dhati kuiona.

Ninyi mnaoniandikia mkiulizia kazi za kuhudumia wazee huku: kazi ipo, kwa sababu wengi hawataki kukaa mbali hivi. Kwenda Darwin ni takriban kilomita 1,500, na Adelaide ni hivyo hivyo. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na usiku wa baridi hushuka chini ya sifuri, jambo ambalo mawakala hawalisemi. Ila kabla hamjapanda ndege, kaeni na wazee wenu muwaulize nani wa ukoo alichukuliwa vitani, alipelekwa wapi na kama alirudi. Mimi nimekwisha kumwomba baba mkubwa aniandikie majina anayoyakumbuka, na tarehe 25 Aprili ijayo nimeomba nisipangwe zamu ya usiku, nihudhurie ibada ya alfajiri pale juu.