Nyonga ya Bandia Inapolegea
Mama yangu mkubwa, mkaazi wa Langoni hapa Lamu, aliwekewa nyonga ya bandia miaka mingi iliyopita, na sasa kila apandapo ngazi za nyumba au kushuka mashuani hushikwa na maumivu ya paja ambayo wengi humwambia ni uzee tu. Mimi siridhiki na jibu hilo. Tangu daktari mpasuaji John Charnley alipoanza kutumia kikombe cha plastiki ngumu katika nyonga za bandia huko Uingereza mwaka 1962, madaktari wamejifunza kwamba plastiki husagika polepole, na chembe zake huuchochea mwili kuula mfupa unaoshikilia kiungo, hata kikalegea.

Upasuaji wa kurudia, wa kubadilisha kiungo kilicholegea, ni mgumu kuliko wa kwanza, kwani mfupa umepungua na huenda ukahitaji kupandikizwa. Kabla yake lazima maambukizi yachunguzwe katika damu na majimaji ya kiungo. Yakiwepo, mara nyingi kiungo hutolewa, huwekwa saruji ya mifupa yenye dawa ya kuua bakteria kwa wiki kadhaa, ndipo kipya kiwekwe.

Ninamsihi mwenye nyonga au goti la bandia, hata asiyeumwa, asikose picha za eksirei alizopangiwa, ingawa safari ya kuvuka bahari hadi Mokowe, kisha Mombasa, inachosha, kwa sababu mfupa huweza kuliwa kabla maumivu hayajaanza.