Mtenda Asiyetajwa Katika Sentensi ya Kiingereza

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupitia barua na ripoti za Kiingereza, na hakuna sentensi inayozua ubishi baina yangu na wenzangu kama ile ya kauli ya kutendwa isiyomtaja mtenda, kwa mfano "my bicycle was stolen", yaani baiskeli yangu iliibwa. Wenzangu huifuta kila wanapoiona, wakiegemea kanuni ya mwandishi Mwingereza George Orwell, ambaye katika insha yake ya mwaka 1946 aliwaasa waandishi wasitumie kamwe kauli ya kutendwa pale ambapo kauli ya kutenda ingefaa. Wasichokitaja ni kwamba insha hiyohiyo ya Orwell ina kauli za kutendwa tele.

Sentensi ya baiskeli haina kosa lolote, kwa kuwa mwizi hajulikani, na kuandika kwamba "mtu fulani" aliiiba hakumwongezei msomaji chochote. Faida kubwa zaidi, hata hivyo, iko katika mpangilio wa habari. Sisi tunaweza kusema "kitabu nimekisoma", kitabu kikatangulia na kiambishi kikaonyesha kwamba ndicho kilichosomwa. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, hutegemea zaidi mahali neno lilipokaa, na kwa hiyo mwandishi anayetaka kumtanguliza mtendwa hukimbilia kauli ya kutendwa. Katika aya inayohusu penisilini, sentensi "penicillin was discovered by Alexander Fleming in 1928" huiacha dawa mwanzoni kwa sababu msomaji ameshaizoea, naye Fleming huja nyuma yake kama habari mpya. Ukiigeuza iwe ya kutenda hutakuwa umevunja sarufi, ila utakuwa umemtoa msomaji kwenye dawa, ukampeleka kwa mtu, kisha ukamrudisha kwenye dawa bila sababu.

Lawama inastahili pale mtenda anapojulikana na bado akafichwa. Januari 1987, akilihutubia Bunge la Marekani, Rais Ronald Reagan aligusia kashfa ya kuiuzia Iran silaha kwa kusema "serious mistakes were made": makosa makubwa yalifanywa, wala hakusema na nani. Barua za ofisi hufuata mkondo huohuo zinapomwarifu mwombaji kwamba "it has been decided", kana kwamba uamuzi ulijifanya wenyewe. Lakini kufuta kauli ya kutendwa hakuponyi maradhi hayo, kwani anayeandika "mistakes happened", makosa yalitokea, ametumia kauli ya kutenda kabisa, na aliyekosea bado hatumjui. Kwa sababu hiyo, ninapopitia ripoti sihesabu kauli za kutendwa, huangalia kama msomaji anahitaji kumjua mtenda, na akimhitaji huandika pembeni "na nani?" na kumrudishia mwandishi ukurasa wake.