Siku mbili uwanjani, kisha Bethlehemu

Ndege ya kwanza ilifutwa, ya pili ikatuacha. Tulilala siku mbili kwenye viti vya chuma vya uwanja wa ndege, mabegi hatujui yako wapi, mama watoto miguu imemvimba. Usiku wa pili alinishika mkono: "Baba, tusirudi. Tumeweka akiba miaka saba."

Tukafika. Yerusalemu nitaieleza siku nyingine, leo moyo wangu uko Bethlehemu. Mlango wa Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu una kimo cha mita 1.2 hivi, wanauita Mlango wa Unyenyekevu, maana kila mtu mzima lazima ainame. Mke wangu, na magoti yake yale, aliinama kabla sijamsaidia.

Chini ya kanisa, pangoni, sakafuni, kuna nyota ya fedha yenye ncha 14, mahali panapoaminika Yesu alizaliwa, katikati ina tundu la mviringo. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Akaitoa kanga mabegani, ile aliyovaa harusi ya binti yetu, akaitandaza juu ya nyota, akapiga magoti, akabusu. Nami nikaweka kiganja. Palikuwa na ubaridi, na nililia mbele za watu.

Kanga ile hatujaifua hadi leo.