Siku ya kupeleka mzigo Kasulu

Saa 11:30 alfajiri niko Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. "Mwangaluka, mama," namwamkia muuza dagaa wangu, kisha nazamisha mkono hadi katikati ya gunia. Nachota wachache, natafuna. Mchanga ukilia menoni, gunia hilo simchukulii mtu. Dagaa walioanikwa chini huwa hivyo. Wa kwenye vichanja ni safi. Leo nimekataa magunia mawili, dalali akashangaa: "Dada, si wa msaada tu hawa?"

Hiyo "tu" imeniuma mpaka sasa. Mama aliyekimbia risasi Kivu, Kongo, akavuka Ziwa Tanganyika na mtoto mgongoni, naye ana meno. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi wilayani Kasulu tunakopeleka mzigo, ipo tangu 1996, wapo waliozaliwa mle na sasa wanalea wa kwao. Mgawo wao ni unga, kunde, mafuta, chumvi. Dagaa hawataki jokofu, na konzi moja inabadilisha sufuria nzima.

Saa 3 asubuhi, stoo. Tuko wanane, tunachambua mafurushi ya nguo. Zipu mbovu pembeni, iliyochanika pembeni. Viatu ndivyo vinavyotula muda: kila jozi tunaifunga kamba pamoja. Shangazi hatusamehe hapo. Mwishoni mwa Aprili 1994 alikuwa Ngara, watu zaidi ya laki mbili walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa takriban siku moja. Anamkumbuka dada mmoja aliyepewa viatu viwili, vyote vya kushoto. Akavivaa, akashukuru.

Saa 7 mchana, wali maharage, tunarudi kazini.

Saa 10 jioni tunapakia. Nguo mbele, turubai katikati, dagaa nyuma kabisa, maana harufu yao ikishaingia kwenye sweta la mtoto haitoki. Sisi hatuingii kambini, kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Dereva anakabidhi mzigo Kasulu mjini kwa wanaohudumia kambi.

Saa 12 lori linaondoka. Zamani tungelala Kigongo tukisubiri kivuko. Tangu Juni 2025 daraja lipo, anapita moja kwa moja Busisi, Sengerema, Geita, aitafute Nyakanazi usiku.

Saa 3 usiku niko nyumbani, nashona vifungo vya mashati ya safari ijayo. Mezani kuna kiatu cha shule, cheusi, kizima, cha kushoto. Kesho napita Nyakato kwa aliyeleta furushi kilimotoka, nikamwombe cha kulia.