Nilivyopata kipindi changu redioni Moshi bila kwenda Dar

Karibu kila kijana anayenifuata kuniuliza afanyeje ili awe mtangazaji, tayari ameshashauriwa yale yale niliyoshauriwa mimi enzi zangu: nenda Dar, tafuta mtu wa kukushika mkono, iga sauti ya fulani, kunywa mayai mabichi. Mayai yanashuka tumboni, hayafiki kabisa inapotokea sauti. Maji ya uvuguvugu na usingizi wa kutosha vinatosha, na kama jana yake ulikuwa uwanjani unashangilia mpira, usitegemee muujiza asubuhi.

La Dar ndilo linaloniudhi zaidi. Moshi si wageni wa redio. Studio za Sauti ya Injili, redio ya Kanisa la Kilutheri, ziko hapa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vipindi vilikuwa vinarekodiwa hapa mjini, kanda zinasafirishwa mpaka Addis Ababa, na kule vinarushwa na mitambo ya Radio Voice of the Gospel, iliyoanza kusikika 1963 hadi serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipoitaifisha 1977. Marehemu baba yangu alikulia Kibosho akiisikiliza. Alikuwa akituambia, "Mtu anaongea hapo Moshi, sauti inakwenda kwanza kwa Haile Selassie, halafu ndiyo inarudi jikoni kwetu." Kwa hiyo nilipoambiwa kuwa redio ya maana iko Dar peke yake, nilijua anayeniambia hana habari.

Nilianza kwa kujitolea, kama walivyoanza wengi unaowasikia huku mikoani. Kujitolea maana yake mshahara hakuna, nauli utajua mwenyewe, na ukileta tangazo unakatiwa kamisheni yako. Kituo cha kwanza sitakitaja. Kilinichukua kwa sababu ya demo, yaani rekodi fupi ya kuonyesha sauti yako, na hiyo demo nitaieleza vizuri kwa sababu naona vijana wanatupa hela nyingi studio bila sababu.

Niliirekodi kwa simu, ndani ya kabati la nguo la dada yangu huko Pasua. Chumba kitupu kina mwangwi, maiki ya simu inaubeba wote, na anayesikiliza anajua papo hapo kwamba umerekodia chumbani. Nguo zinaumeza. Nilipanga makoti mazito ya baridi kushoto na kulia, nikatundika blanketi mlangoni, nikainua simu juu ya vitabu mpaka ikawa usawa wa mdomo. Sikuiweka mbele ya midomo moja kwa moja. Niliisogeza pembeni kidogo, umbali wa ngumi moja na nusu, ili kila nikitamka neno lenye "p" au "b" pumzi isiipige. Nikasoma habari za gazeti la siku ile, nikamaliza kwa kueleza hali ya soko nilivyoiona asubuhi, basi, dakika tatu. Meneja wa vipindi aliposikiliza aliniuliza nimerekodia studio gani. Nilimjibu ukweli, akaisikiliza tena.

Kuhusu matamshi, sisi tuliokulia mlimani "dh" inatutoka "z" na "th" inatutoka "s". Hilo linarekebishika, nami nililirekebisha kwa kusoma gazeti kwa sauti kila siku nikijirekodi na kujisikiliza. Lakini kurekebisha matamshi na kujifanya umekulia Sinza, Dar, ni vitu viwili tofauti. Wasikilizaji wangu ni wa Majengo, Kiboriloni, Himo, Machame. Wananiamini kwa sababu naongea kama binti yao.

Pale kituo cha kwanza niliandika wazo la kipindi cha alfajiri kuhusu soko la Mbuyuni. Nikaambiwa wazo zuri, lete mdhamini. Nilizunguka na bahasha ofisi kwa ofisi, benki, mitandao ya simu, wauza mbolea. Kote jibu lilikuwa lile lile, kwamba bajeti ya matangazo inapangwa makao makuu, andika barua Dar. Nikaandika. Wakati nasubiri majibu, kipindi changu, kwa jina nililolibuni mimi, akapewa kijana aliyekuja na mdhamini ambaye ni ndugu yake. Yule hakuwa anakwenda sokoni. Alikuwa anapiga simu kuuliza bei, anasoma alichoambiwa. Hakikufika mbali. Mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Kituo cha pili, nilipo mpaka leo, walinipa nusu saa ambayo kila mtu aliikataa, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nilifurahi mno. Saa hiyo ndiyo mji wa biashara unaamka: mama ntilie wanawasha moto, wapishi wa shule na hoteli wanapanga watakachonunua, malori yanashusha mzigo. Nilikuwa nafika Mbuyuni bado giza, naandika bei kwenye daftari, napanda bodaboda kwenda studio, nazisoma.

Haikupita wiki nyingi, wachuuzi wakanikalisha chini. Mama mmoja muuza ndizi, mtu mzima anayeheshimika sana pale, ndiye aliyesema kwa niaba yao.

"Mwanangu, unatuharibia."

"Shikamoo mama. Nawaharibia vipi?"

"Marahaba. Mteja anakuja ameshakariri bei ya jumla, anataka nimuuzie kwa hiyo hiyo. Nauli ya mzigo nani kalipa? Ushuru? Mpagazi? Zilizooza humo ndani ni za nani?"

Wenzangu redioni waliniambia nisiwajali, mchuuzi siku zote analalamika. Ushauri mbaya kabisa. Hao ndio wasikilizaji wangu wa kwanza: wapagazi walikuwa wanafunga redio ndogo kwenye mikokoteni, ndani ya mfuko wa nailoni isilowe umande, na sauti yangu inapita nayo kati ya meza. Ukigombana na soko, kipindi cha soko kinakufa.

Nikawaza siku kadhaa, nikaja na njia nyingine. Bei niliziacha. Badala yake nikawa natangaza mzigo: nini kimefika, kimetoka wapi, kiko upande gani wa soko. Ndizi mshare za Rombo zimeshuka usiku, ziko upande wa magari. Mchele mpya wa Mabogini upo. Vitunguu vya Mang'ola havijafika, usije mapema. Mnunuzi anajua aende au asiende, na mchuuzi anabaki na bei yake ya kuzungumza na mteja. Ndani ya muda mfupi nikawa nasubiriwa kwenye geti. Huyu anataka niseme nyanya zake ni za leo, yule anataka nitaje meza yake.

Hapo ndipo nikaona mdhamini niliyemtafuta kwa bahasha mji mzima alikuwa amekaa mbele yangu, amefunga kitenge. Nikamwendea yule yule mama wa ndizi. Wale akina mama tayari walikuwa na kikoba chao, chenye mwenyekiti na mweka hazina anayeaminika. Nikamwomba kila anayetaka kutajwa kama tangazo achangie buku, yaani shilingi elfu moja, kwa wiki, hela ishikwe na mweka hazina wao, isipite mkononi mwangu hata siku moja. Redioni nako walikataa mwanzoni, wakisema hawawezi kukatia risiti watu wote wale. Nikawaambia mteja ni mmoja, kikoba, risiti moja kwa mwezi. Wakakubali.

Mchango ulianza kidogo, ukapanda hadi ukapita kile ambacho kampuni nyingi hulipia nusu saa ya alfajiri huku kwetu. Akijitoa mmoja, kipindi hakitikisiki. Nimeona vipindi vizuri vikizimwa ndani ya siku moja kwa sababu kampuni moja imebadilisha meneja.

Sharti langu halijabadilika: aliyelipa anasomewa tangazo, na linajulikana ni tangazo. Taarifa ya mzigo inasomwa ya kila mtu, awe amelipa au hajalipa. Nimewahi kushawishiwa ninyamazie lori la mtu fulani, nikakataa mbele ya wenzake.

Cheti pia usikipuuze. Sheria ya Huduma za Habari ilipitishwa 2016, na kanuni zake za mwaka uliofuata zikataka mwandishi awe na stashahada. Wenzangu wengi wa kujitolea walingoja waone. Mimi nilijiunga chuo mapema, nikasoma huku natangaza, nikamaliza.

Na mshahara wa redio usikudanganye, hata sasa ninapoupata. Nyumba yangu imejengwa na ushereheshaji. Desemba Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, na harusi, ubarikio na kumbukumbu za wazee zinabanana wiki hizo chache. Wananiita kwa sababu mama zao wananisikia alfajiri. Chukua nusu ya malipo kabla ya kuweka tarehe kwenye daftari, iliyobaki upewe kabla keki haijakatwa. Baada ya hapo kamati inaanza kutafutana. Na ukiwa na kipindi kesho yake, ukabidhi maiki kwa DJ mapema ukalale, hata kama shangazi wa bwana harusi anakuomba uimbishe mara moja tu.