Kufuata ngurumo hadi Marafa

Usiku wa vuli, ukikaa barazani kwetu Malindi, unaona umeme ukipasua mbingu upande wa bara. Mji mkavu, lakini kule kunawaka na sauti haifiki. Tangu utotoni nimeutazama hivyo, kwa mbali. Novemba iliyopita nikamwambia binamu yangu mwenye Probox, "Leo tuufuate." Akatia mafuta.

Saa nane mchana tulivuka daraja la Sabaki, tukakata kushoto kuelekea Marikebuni. Upepo wa bahari ulikuwa mgongoni, na mbele yetu wingu limesimama, juu jeupe, chini jeusi ti. Upepo huu unaotupoza mjini ndio unaobeba unyevu hadi bara. Huko ardhi imeshika moto tangu asubuhi, hewa inapanda kwa kasi, na wingu linaumuka kama unga wa mahamri. Likifika pasipopandika tena, kilele chake hutanuka kikawa kama fuawe ya mhunzi. Tulipofika Magarini kilikuwa kimeshatanuka.

Umeme ukipiga, nahesabu sekunde hadi ngurumo isikike. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Mara ya kwanza nilipata 30, kisha 21, kisha 12. Halafu zikaanza kuongezeka, na sote wawili tukanyamaza.

Tukasimama karibu na shamba la mahindi ambalo halikuwa na mahindi. Bibi mmoja alikuwa ameegemea jembe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu."

"Mvua imeelekea wapi?"

Wingu hata hakulitazama. Alitazama mbuzi wake, waliokuwa wakirudi mbio. "Yaja huku." Alikuwa amepanda kwenye vumbi, akingoja. Akaingia ndani, akatoa sufuria, ndoo na karai, akavipanga chini ya ukingo wa mabati. Sisi tuliondoa gari chini ya mwembe, maana mti mrefu ndio radi huupenda, tukafunga vioo. Ndani ya gari la bodi ya chuma una usalama, kwa sababu umeme hupita nje ya bodi ukaenda ardhini.

Tone la kwanza liliangukia boneti iliyojaa vumbi, likaacha duara pana kama sarafu ya shilingi 10, kingo zake zimeinuka. Kabla sijaona la pili, mwanga ukajaa garini na ngurumo ikanipiga kifuani. Hapakuwa na cha kuhesabu. Nilijikuta nasema Allahu Akbar kwa sauti.

Ngurumo zilipokwisha tulingoja nusu saa zaidi, ndipo tukaendelea hadi Marafa, kwenye korongo la Nyari. Kuta zake nyeupe, za waridi na nyekundu zilikuwa zikichirizika vijito vyembamba kama uzi, kila kimoja kikibeba chembe za mchanga. Mvua ndiyo iliyolichonga korongo hili, na siku hiyo niliiona kazini.

Wakati wa kurudi tulipitia kwa bibi. Ndoo zimejaa. Alichimba shambani kwa kidole, akatuonyesha: tope hadi pingili ya pili, chini yake vumbi kavu.

"Imeingia hadi hapa tu," akasema. "Nyingine imekimbia na mchanga. Bado moja kama hii."

Magharibi ilitukuta darajani Sabaki. Malindi halikuwa limeanguka hata tone. Nyuma yetu, upande wa shamba lake, umeme ukapiga tena. Nikahesabu hadi 60.